Uzi Kwenye Boneti

Larbi alipokuja kubisha hodi kwetu na chupa yake ya schnapps, ile pombe kali ya posa, nilimvutia kiti, nikampa maji ya kunywa, nikamwitikia salamu zote, na moyoni nikasema: bwana wewe, mimi na wewe tutajuana.

Alikuja kumposa mdogo wangu Oforiwaa. Kwetu chupa ya kubisha hodi haifunguliwi siku inapoletwa. Mgeni anaambiwa ahsante, nenda, tutakuita, kisha mtu mmoja wa ukoo anapewa kazi ya kumchimba: kwao kuna ugonjwa gani, nani aliwahi kufungwa, hasira zake zikoje, mke wa kwanza yuko wapi. Mchimbaji akiridhika, chupa inafunguliwa, watu wanakunywa, ndoa ipo. Asiporidhika, chupa inarudishwa na kizibo chake na hakuna ugomvi. Wazee wetu wamekwisha, mjomba yuko Kumasi na masikio hayamsaidii tena, basi kazi ikaniangukia mimi Asabea, mwoka mikate wa Aburi. Nikaifungia ile chupa kwenye kabati la vyombo. Ufunguo nikautia kifuani.

Na hapo kwenye mke wa kwanza ndipo roho yangu ilipokwama. Mke wa kwanza alikuwa kaburini. Adobea, mtoto wa hapahapa Aburi, alikufa akiteremka mlima kwenda Accra. Breki zilimkatalia kwenye kona za chini, gari likaruka korongoni likaungua. Gari la mumewe. Na mumewe ni fundi breki! Si fundi injini, si fundi rangi, breki, watu wanatoka Koforidua kumletea magari. Haya, niambie wewe mwenye akili zako timamu: ukimwona mtu kama huyo anamchekea mdogo wako, utakwenda kulala?

Oforiwaa alilala. Mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, anaikaribia hamsini, na ujana wake ulikwisha akimuuguza mama yetu. Watu walishaacha hata kumuuliza habari za mume. Sasa kapata mtu anayemwita malkia mbele za watu, basi akawa haambiliki.

"Dada, mimi Larbi namwamini kwa moyo wangu wote," ananiambia.

"Moyo wako haujapanda gari lake," namjibu.

Anacheka, anajifunga kitambaa, anakwenda kwenye maombi. Kila alfajiri alikuwa kwa mama nabii wake kule juu, na akirudi kipaji cha uso kinang'aa mafuta ya upako. Mafuta yenyewe yananukia waridi kali, harufu inaingia mpaka kwenye unga wangu. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza kama siku hizi mikate naikandia manukato. Nilimfukuza Oforiwaa kwenye karai langu kama ninavyofukuza kuku.

Siku ileile ya kubisha hodi Larbi aliliona gari la baba. Peugeot 404, rangi ya maziwa, limesimama bandani nyuma ya tanuri langu tangu baba afariki. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Mtu aliyekuja kuposa akasahau kuposa. Alichuchumaa na suti yake akapitisha kiganja kwenye ubavu wa lile gari, taratibu, akalizunguka lote.

"Hili nitaliamsha," akasema. "Siku ya harusi Oforiwaa atateremka Accra ndani ya gari la baba yake."

Ateremke. Mlima uleule. Nilimkazia macho nione kama atapepesa. Hakupepesa.

Basi akawa anapanda kwetu kila Jumamosi kutoka karakana yake iliyo chini ya mlima. Alikwangua kutu, akaziba matobo, akashona viti. Injini ilikohoa, ikazimika, ikakohoa tena, mwishowe ikanguruma, na majirani wakaja kushangilia. Maame Tiwaa, anayenunua mkate wangu wa kwanza kila asubuhi ili awahi na habari za mtaa, alilia kabisa, maana baba aliwahi kumpeleka hospitali kujifungua kwa gari lile. Mimi nilisimama mlangoni nimekunja mikono. Gari kuwaka si kitu. Nilikuwa nasubiri lifike kwenye breki.

Likafika. Larbi alikuwa ametia mabomba mapya na mipira mipya kila gurudumu, gari liko juu ya stendi, na kilichobaki ni kutoa upepo kwenye breki. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja chini kwenye gurudumu, mmoja kwenye pedali. Oforiwaa alikwisha kukusanya sketi yake aingie.

"Hapana, malkia," Larbi akasema. "Nataka dada."

"Mimi?" nikamuuliza. "Kwani mimi nimekuwa utingo wako?"

"Wewe una miguu ya mwoka mikate. Umesimama maisha yako yote. Ingia, dada."

Aka! Nikaona mtego huo. Anamtoa anayempenda, anamwingiza asiyempenda. Baadaye jambo likiharibika aseme, si dada mtu ndiye aliyekanyaga? Nikaingia, lakini nikaacha mlango wazi na macho yangu hayakuondoka kwenye miguu yake iliyojitokeza chini ya gari.

"Kanyaga!" akaita. "Achia. Kanyaga. Achia. Kanyaga! Shikilia hapohapo!"

Nikashikilia. Nikasikia spana inageuka, na pedali ikazama chini ya mguu wangu yenyewe, kama inaingia kwenye tope. Nilishtuka nikainua mguu.

"Dada! Usiachie mpaka niseme! Ukiachia kabla sijafunga, unanivutia upepo mpya."

"Si ungesema kwamba itazama!"

"Nimesema shikilia."

"Umesema shikilia, hukusema itazama!"

Oforiwaa alikuwa kavunjika mbavu kwa kicheko pale juu ya gogo. Tukaanza upya. Larbi alikuwa ameunga kibomba kwenye nati ya upepo, kinaingia kwenye chupa ya kioo yenye mafuta ya breki, na kila akifungua, mapovu yanatoka. Mapovu yakiisha, gurudumu hilo limekwisha, tunahamia jingine. Ilikuwa kama kutwanga fufu ya muhogo kinuni, yule mwenye mchi na yule anayegeuza donge. Ukikosea mwendo, mwenzio anapondeka vidole. Nilitwanga na mama, nikatwanga na Oforiwaa, kwa hiyo mwendo naujua, na tulipofika gurudumu la nne hatukuwa tukigombana tena. Hilo lenyewe nililitilia shaka. Mtu akinizoea upesi hivyo, namwuliza anataka nini.

"Haya kanyaga sasa," akasema, amesimama dirishani, mafuta mpaka viwikoni. "Unasikiaje?"

Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Nikamwambia ngumu. Akafurahi, akaniomba mkate wa moto, nikampa, akala amesimama.

Jumamosi iliyofuata aliingia, akakanyaga kabla hata ya kutusalimu vizuri, na pedali ikaenda mpaka sakafuni.

Nilimwona uso ulivyombadilika. Nikajisemea, anaigiza vizuri huyu.

"Mipira," akasema. "Wameniuzia mipira bandia." Akainua boneti, akafungua masta ya breki, ile pampu inayosukuma mafuta, akatoa mipira, akaitupa kwenye ndoo bila kuitazama sana, akatia mingine. Tukatoa upepo tena, kanyaga, achia, shikilia. Ikawa ngumu. Akaondoka anapiga mluzi, lakini mluzi wenyewe haukuwa na furaha.

Asubuhi nilichukua uzi mweusi wa cherehani, nikaufunga kutoka ukingo wa boneti mpaka kwenye grili, mwembamba hata wewe uliyeambiwa usingeuona. Ufunguo wa banda hauna maana kwetu, banda lenyewe halina mlango. Nikasema, sasa tuone. Kama breki zinaharibika zenyewe, uzi utabaki. Kama zinaharibiwa, uzi utakatika.

Jumatatu uzi upo. Jumanne upo. Jumatano nilikwenda kuukagua nilipokwisha kutoa mikate ya kwanza, jua limeshatoka, na uzi ulikuwa unaning'inia umekatika.

Mungu wangu. Nikakaa kwenye gogo. Na kabla sijapata pumzi, Maame Tiwaa huyo na kikapu chake.

"Asabea, harusi imekaribia eti? Maana shemeji yako siku hizi haondoki mlimani. Leo alfajiri nimempita pale barabara ya makaburini, kavaa kofia, anatembea kichwa chini. Nikamsalimu, hata hakunisikia."

"Larbi? Leo? Una hakika?"

"Namjua Larbi kama ninavyoijua hii kandambili yangu."

Larbi hakuwa na kazi kwetu Jumatano. Larbi hakufika mlangoni kwetu Jumatano. Na uzi umekatika Jumatano. Nikaingia ndani, Oforiwaa alikwisha kurudi kutoka maombini, nikamshika mkono, nikampeleka bandani, nikamwonyesha. Alitazama ule uzi muda mrefu. Rangi ilimtoka.

"Labda ni kuku," akasema.

"Kuku gani anafungua boneti?"

"Dada, tafadhali. Usimwambie Larbi habari za huu uzi. Utamwumiza."

"Nimwumize mimi? Huyu anataka kukutumbukiza korongoni, wewe unaogopa nisimwumize?"

"Hawezi kunifanyia hivyo. Namwamini." Lakini alikuwa analia, na machozi yale niliyatafsiri nilivyotaka. Nikasema, kumbe hata yeye ameanza kuona.

Nilifunga uzi mpya. Ulikatika tena kabla ya Jumamosi. Basi kwangu kazi ya kuchimba ilikuwa imekwisha, nimefika mwambani.

Jumamosi Larbi alipoingia uani alikuta chupa yake ya schnapps imekaa juu ya boneti, na kizibo chake. Nimeisimamisha pale mwenyewe. Oforiwaa alikuwa kizingitini, nimemwambia asitoke ndani, hakunisikia.

Larbi aliitazama chupa. Akavua kofia.

"Dada, ndiyo jibu?"

"Kanyaga pedali kwanza," nikamwambia.

Akafungua mlango, akakanyaga. Sakafuni. Akakanyaga tena, sakafuni.

"Sasa nieleze," nikasema, na hasira imenipanda. "Nieleze wewe fundi wa breki, unayeletewa magari kutoka Koforidua. Gari halijatembea hata hatua moja. Liko bandani kwangu. Kila ukiondoka breki nzima, kila ukirudi breki zimekufa. Nimefunga uzi kwenye boneti hii, umekatika Jumatano, na Jumatano alfajiri ulionekana huku juu. Ulikuja kufanya nini kwenye gari la baba yangu?"

"Sikuja hapa."

"Ulionekana!"

"Nilikuwa makaburini, dada. Kwa Adobea. Nakwenda Jumatano nyingi."

"Makaburini! Na Adobea naye, gari lako lilikuwa na breki nzima alipoteremka nalo?"

Oforiwaa alipiga yowe dogo, "Dada!" Larbi hakupiga kelele. Nilitaka apige. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

"Sijui," akasema. "Breki zile nilizitengeneza mimi, peke yangu, hakukuwa na mtu kwenye pedali. Gari liliungua lote, hakikubaki kitu cha kukagua. Kila mtu ananiuliza kwa macho, wewe wa kwanza kuniuliza kwa mdomo. Sijui nilikosea wapi, wala sijui kama nilikosea. Tangu siku ile sifanyi breki bila mtu wa pili. Na kwa gari hili nilikutaka wewe, kwa sababu wewe huniamini. Nilijua ikiwa kuna kasoro ya unywele, utapiga kelele mtaa mzima usikie."

Maneno yale yalinigonga, lakini bado nikasema moyoni, mtu mwerevu hupanga jibu mapema.

"Huo uzi ulikatika kweli?" akauliza.

"Mara mbili."

"Basi kuna mtu anafungua." Akaishusha chupa ya schnapps kwa mikono miwili, akaiweka kwenye gogo kwa adabu, akafungua boneti. "Njoo utazame pamoja nami. Nikigusa kitu usichokielewa, uliza."

Nikasimama begani kwake kabisa. Alifungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, akayavuta mafuta yote kwa bomba la sindano, akayamimina kwenye chupa ya kioo, akaiweka juani juu ya ukuta. Kisha akafungua masta, akatoa mpira. Safari hii hakuutupa. Aliuweka kwenye kiganja changu, na mpira mpya akauweka kando yake.

Mimi ni mwoka mikate, kitu kilichoumuka nakijua. Mpira ule ulikuwa umevimba, umelegea, kingo zimefura kama donge lililosahaulika karibu na tanuri. Ulikuwa unateleza.

"Hiki si kitu bandia," akasema Larbi. "Huu umekula mafuta yasiyo yake. Tazama kule."

Kwenye chupa ukutani mafuta yalikuwa yamejigawa. Chini mafuta ya breki, juu tabaka jembamba la manjano, linang'aa. Larbi alichovya kidole, akakisugua na dole gumba.

"Mafuta gani haya?" akauliza. Akanusa. Akanusa tena, uso umekunjamana, kama mtu anayekumbuka jina.

Mimi sikuhitaji kuchovya. Nilikuwa na ule mpira kiganjani, na harufu ilishanifikia. Waridi.

Nikageuka. Oforiwaa alikuwa ameketi kizingitini, amefunika uso kwa kitambaa chake.

Kuku walikuwa wakiparua chini ya gari. Larbi alimfuata akachuchumaa mbele yake, mbali kidogo, asimguse kwa mikono yenye mafuta.

"Ni wewe, malkia?"

"Kidogo tu," akasema ndani ya kitambaa. "Mama nabii alisema niyatie pale panaposhika roho ya gari. Nilimwuliza panaposhika roho ni wapi, akasema mimi nitajua. Nikasema ni breki. Sikujua yanaharibu. Haki ya Mungu, Larbi, sikujua yanaharibu."

"Kwa nini uliyatia?"

"Ulinzi."

"Ulinzi dhidi ya nani?"

Akalia tu.

"Oforiwaa. Dhidi ya nani?"

Akashusha kitambaa, akamtazama yeye Larbi. Alikuwa ananiambia kila siku kwamba anamwamini kwa moyo wake wote, kisha anatoka maombini kabla sijamaliza kutoa mikate, anafungua boneti, anamimina. Tena alipoona nimeanza kumshuku Larbi kwa sababu ya mkono wake yeye, akaniacha niendelee.

Larbi alisimama. Magoti yalimlia.

"Dada yako amenitazama kama mwizi tangu siku niliyoingia hapa," akasema polepole. "Nimekula mikate yake, tumecheka. Sikuumia hata siku moja. Nilijua yuko wapi nami niko wapi."

Akarudi kwenye gari. Nikadhani anakusanya vyombo vyake aende. Kumbe anatoa masta nzima. Aliosha kila bomba kwa spiriti, gurudumu moja moja, akabadilisha mipira yote, akajaza mafuta mapya. Hakula, hakunywa. Jua lilikuwa limepinda alipoingia chini ya gurudumu la kwanza na spana yake.

Oforiwaa alishafuta uso. Akaja akafungua mlango wa dereva.

"Nitakanyaga mimi," akasema.

"Hapana," Larbi akajibu kutoka chini ya gari. "Mwache Asabea akanyage. Yeye namjua."

Nimesikia matusi mengi sokoni, na mengine nimeyatoa mwenyewe, lakini sijasikia neno lililomkata mtu namna ile. Oforiwaa aliuachia mlango, akarudi nyuma hatua chache, akasimama pale jua linapopiga.

Tukafanya kazi. Kanyaga. Achia. Kanyaga. Shikilia. Sikuachia hata mara moja kabla hajasema. Pedali ikawa ngumu. Akanawa mikono kwa majivu na sabuni, akaweka ufunguo wa gari mkononi mwangu, akaichukua chupa yake ya schnapps pale kwenye gogo.

"Shemeji," nikamwita. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo bila kumkebehi. "Shemeji, ngoja. Kazi ya kuchimba ni yangu, na mimi nimeridhika. Nilete glasi, tufungue."

"Wewe umeridhika, dada. Mwenye ndoa, mdogo wako, hajaridhika." Akaiweka chupa kwapani, na kizibo chake, akateremka zake.

Wiki ile nyumba yangu ilikuwa msiba. Oforiwaa hakwenda maombini, hakula. Nami nilimpa za uso, sikumwonea huruma, nikamwambia afadhali mimi mchawi wa mchana kuliko yeye malaika wa alfajiri. Nikamwambia ukimwogopa mtu, mwambie nakuogopa, ajitetee! Akasikiliza yote. Mwisho akasema, "Nilimwogopa, na nilimtaka. Yote mawili, dada. Nilidhani nikisema la kwanza nitalikosa la pili." Hapo nikaenda kukanda unga wangu.

Jumapili baada ya ibada alikuja amevaa gauni lake jeupe lenye maua ya buluu. Akaninyooshea mkono.

"Ufunguo."

"Wa nini?"

"Nateremka."

Baba ndiye aliyemfundisha kuendesha gari lile, gia zake ziko kwenye usukani. Nilimpa ufunguo, kisha nikamwona ana chupa kwenye mfuko wa plastiki. Schnapps, mpya, ya dukani. Nikavua aproni nikapanda.

Sitaki kusimulia mlima ule wote. Nitasema tu kwamba upande wangu hapakuwa na pedali, na bado nilikanyaga sakafu kwa miguu yote miwili mpaka chini. Kila kona namwambia taratibu, taratibu, na yeye hanijibu, amekaza usukani, midomo inatembea bila sauti. Tulipokaribia kona za chini, pale pa Adobea, mteremko unavuta na lori la mbao liko nyuma yetu linapiga honi. Oforiwaa akakanyaga. Gari likapunguza mwendo. Akakanyaga zaidi, akalitoa kando ya barabara, likasimama tuli, lori likatupita dereva akitutukana. Akainamisha kichwa kwenye usukani akahema. Kisha akatia gia tukaendelea.

Larbi alikuwa karakanani kwake, kaketi kwenye tairi anakula kenkey, donge la mahindi yaliyochachuliwa, na samaki. Alisikia injini kabla hajatuona. Alisimama na tonge mkononi. Alitazama magurudumu kwanza, yote. Ndipo akatutazama sisi.

Oforiwaa alishuka. Akasimama nje kabisa ya lango, ingawa lango lilikuwa wazi, ameishika chupa kwa mikono miwili.

"Hodi," akasema.

"Nani aliyeendesha?"

"Mimi."

"Kwenye mlima?"

"Kwenye mlima. Hodi, Larbi."

"Kwetu mwanamke habishi hodi."

"Leo anabisha."

Larbi aliweka chakula chake chini, akafuta mikono kwenye suruali. Hakwenda langoni. Alikwenda kwenye gari, akafungua boneti, akazungusha kifuniko cha kile kikopo, akachovya kidole, akakipeleka puani.

Damu ilinipanda. Nilitaka kumwuliza anamwona mdogo wangu mtu wa namna gani. Nikamtazama Oforiwaa, nikaufunga mdomo wangu. Alikuwa amesimama palepale na chupa yake, hakuinamisha macho, anamwacha anuse.

Larbi alinusa mara ya pili. Akakaza kifuniko, akashusha boneti kwa mikono yote miwili.

"Karibuni," akasema.